Jua Nusu Uwanja

Jumamosi, 7 Machi

Mkasi kanipa adhabu ya kitoto: kila baada ya mechi niandike mwanga ulikuwaje, nilipiga kwa mpangilio gani na nini kiliharibika. Mkasi ni mhariri wa picha gazetini kwetu. Jina hilo kalipata kwa kukata picha za watu bila huruma. "Visingizio vya mdomoni vinapotea hewani," kaniambia. "Andika." Haya, naandika.

Kilichoharibika ni karibu kila kitu. Tangu wamalize kuezeka jukwaa kuu, mechi za saa kumi zina viwanja viwili. Nusu iko juani, nusu imefunikwa na kivuli cha paa, na katikati kuna mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Mchezaji anauvuka mbio, kamera inabaki nyuma inajiuliza. Leo niliiachia ipime mwanga yenyewe. Jezi zetu nyeupe zikijaa kwenye picha, inadhani dunia nzima inawaka, inapunguza mwanga, na nyuso za wachezaji zinatoka kama mkaa. Kivuli kikijaa, inafungulia mwanga wote, na aliye juani anageuka mzimu.

Picha niliyoitaka kuliko zote ndiyo iliyoungua. Dakika za mwisho mshambuliaji wao alifumua shuti la karibu kabisa, kipa wetu akalizuia kwa uso. Kipa huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mashabiki wanamwita Gundi. Alilala chini kitambo, kocha anabwata kutoka benchi, "Inuka! Inuka!" Akainuka, akacheka, akanionyesha dole gumba. Kwenye picha yangu hana uso. Ni weupe mtupu uliovaa glovu.

Tumeshinda, hata hivyo.

Jumapili, 8 Machi

Jicho la kushoto la Gundi limeiva kama nyanya. Mama kamkalisha jikoni na kitambaa cha maji baridi, anamsema utadhani yeye ndiye aliyepiga lile shuti.

"Una mikono miwili, ukaona utumie uso?"

"Mama, mikono ilikuwa na shughuli nyingine."

Tumecheka wote watatu.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda mazoezini kujaribu, maana siku ya mechi si siku ya kujifunza. Nimeinyang'anya kamera madaraka. Nikaielekeza kwenye nyasi za juani, nikapima nyasi peke yake, kisha nyasi za kivulini. Nyasi hazibadilishi jezi, hazidanganyi. Mwanga wa juani ni mara nane ya ule wa kivulini. Kwa hiyo: kasi ya shata 1/1600 ili mpira usiburuzike, tundu la lenzi f/4, hivyo viwili haviguswi. ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, juani 200, kivulini 1600. Gurudumu la dole gumba nimelipanga liruke hatua nzima, kila mbofyo mwanga maradufu au nusu: mibofyo mitatu kulia ukiingia kivulini, mitatu kushoto ukitoka. Dole lifanye kazi bila kuomba ruhusa kichwani.

Kocha alinikuta nimepiga magoti napiga picha majani matupu. "Kumbe siku hizi gazeti linasomwa na ng'ombe?" Wachezaji wakaangua kicheko. Simpendi mtu huyu. Anaongea na binadamu kama anafukuza mbwa jikoni.

Jumamosi, 14 Machi

Wingu zito mwanzo mwisho. Mpangilio mmoja dakika zote. Sare. Nimelowa mpaka soksi.

Jumamosi, 21 Machi

Jua, wingu, jua, wingu. Mstari wa kivuli ukaja, ukafutika, ukarudi. Dole gumba limeanza kujua njia, na hata Mkasi, ambaye kwake sifa ni kunyamaza, alizipitia picha zangu akanyamaza.

Lakini tumefungwa goli la ajabu. Krosi ya upande wa kushoto wa Gundi, mpira mwepesi tu, ukitokea juani kuingia kivulini. Gundi alisimama kama anasubiri mgeni. Alipotupa mkono, mpira ulikuwa umeshapita. Nimezifungua picha zile mfululizo. Mpira unakuja, yeye katulia. Mpira unafika, katulia bado.

Na jambo jingine. Mara mbili nimemnasa akipunga mkono kando ya sikio la kushoto, kama anafukuza inzi. Nimekuza picha. Hakuna inzi.

Jumatatu, 23 Machi

Nimemuuliza habari za inzi. "Dada, wewe piga picha, mimi nidake mipira." Kaondoka bila kumaliza chai.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imenyesha asubuhi, kisha likatoka jua kali la kuoshwa, lile linaloumiza. Nyasi zenyewe zilikuwa zinang'aa kwa maji, vipimo vyangu vyote vikawa uongo. Nimepima upya mwanga unaoangukia kiganja changu, juani na kivulini, dakika chache kabla ya kipenga.

Tumefungwa mawili, yote kutoka kushoto. Watu walianza kuzomea. "Gundi imekauka!" Kocha alikuwa mstari wa pembeni anarusha chupa za maji. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, karibu mno, najifanya nashughulika na lenzi.

Nyumbani nilimsubiri koridoni. Nikaviringisha soksi zikawa mpira. Alipopita nikamwita jina lake, lile la nyumbani, akageuka kunitazama usoni, nikamrushia soksi kwa kuzizungusha pembeni, upande wake wa kushoto. Mtu huyu anadaka mipira kwa riziki yake. Soksi zikampiga begani, akaruka kama kapigwa umeme.

Alikaa sakafuni palepale. Mimi nikakaa ukuta wa pili, miguu yetu inagusana.

"Tangu lile shuti," alisema. "Kuna vimulimuli. Kama radi ndogo huku pembeni. Halafu kuna vidoa vyeusi vinaelea, nikivitazama vinakimbia. Mpira ukitoka juani kuingia kivulini, ndiyo kabisa, naupoteza."

"Umemwambia daktari wa timu?"

"Ili aniweke nje? Dada, tarehe ishirini na tano mwezi ujao wale watu wa klabu ya ng'ambo wanaotafuta wachezaji wanakuja. Hawaji kuangalia timu, wanakuja kuniangalia mimi. Baada ya hapo nitakwenda kwa daktari yeyote unayemtaka, hata wa mifugo. Niapie hutasema."

Nilimtazama. Amekuwa akidaka mipira tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

Nikaapa.

Jumamosi, 4 Aprili

Wamecheza ugenini, sikusafiri. Wameshinda. Amepiga simu anaimba.

Jumamosi, 11 Aprili

Kapangua penalti! Aliruka kushoto, kushoto hasa, akiwa kivulini na mpigaji yuko juani. Mibofyo mitatu, tayari, nikamnasa hewani, mpira kwenye vidole, uso wote unaonekana mpaka jasho. Mkasi kaiweka ukurasa wa mbele na hakukata hata ukucha.

Mama kaibandika picha kwenye mlango wa kabati. Labda nilijitia hofu bure. Labda jicho limepona lenyewe. Namwangalia anavyokula, anavyocheka, nasema moyoni: uliapa, tulia.

Jumanne, 14 Aprili

Sikutulia. Penalti ile nimeirudia picha kwa picha. Gundi ameruka kabla mpira haujapigwa. Amebahatisha upande. Kichwa kimegeuka kabisa kushoto, ili jicho la kulia lipate kuona kushoto.

Leo asubuhi mama alimpa kikombe cha chai kwa upande wa kushoto. Akapeleka mkono mahali pasipo na kikombe. Chai yote mezani. Mama akasema, "Uzembe huo!" akaenda kuchukua kitambaa. Gundi akanong'ona bila kunitazama:

"Limekuja pazia."

"Pazia gani?"

"Huku pembeni. Jeusi. Jana lilikuwa dogo."

Nikamwambia twende hospitali sasa hivi, hivi nilivyo na kanga. Akanishika mkono, akaubana. "Uliapa." Mama akarudi na kitambaa, sote wawili tukaanza kuongelea mvua.

Nimeshinda ofisini siwezi kazi. Nikisema, namvunjia mdogo wangu safari aliyoitafuta maisha yake yote, na hatanisamehe. Nisiposema, sijui. Sijui pazia hilo linaishia wapi. Nimemwuliza Mkasi, kama mtu anayeuliza ya jirani, mtu akiona pazia jichoni ni nini. Akaacha kazi yake. "Huyo jirani yako bado yuko nyumbani? Baba yangu alianza hivyohivyo. Alingoja." Hakuendelea, na mimi sikumwuliza baba yake alingoja hadi lini.

Jumatano, 15 Aprili

Nimemwambia tena. Kafunga mlango.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mlango bado umefungwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilifika mpaka kwenye geti la kambi ya timu. Nikarudi. Najiandikia mwenyewe ili nisije nikajidanganya baadaye: nilifika, nikarudi.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali. Mwandiko mbaya, naandikia gotini.

Mwanga wa leo ulikuwa wa kishetani. Upepo unasukuma mawingu, jua linawaka na kuzima kama mtu anachezea swichi, na mstari wa kivuli ukapita katikati ya boksi la Gundi. Nilikuwa nyuma ya goli lake. Sikungoja tena kuliona jua kwenye kamera. Nilikuwa nalitazama likija kwa mbali, kwenye jukwaa la mashabiki wa upande wa pili, mashati yakiwaka nabofya kabla halijafika kwetu.

Karibu na mapumziko ikapigwa krosi. Gundi akatoka golini, macho kwenye mpira, ngumi juu. Beki wetu wa kushoto naye alikuwa anarudi mbio, jua lote limemmwagikia, jezi nyeupe pe! Kipofu angemwona. Gundi hakupunguza mwendo hata chembe. Ngumi ikampata beki juu ya jicho. Sauti ya pigo hilo niliisikia hadi pale nilipokaa.

Damu ilikuwa nyingi. Beki amekaa kwenye nyasi anasema, "Kaka, hukuniona? Kaka, hukuniona?" Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. Gundi kasimama pale na glovu zenye damu, anageuza kichwa huku na huku kama kuku.

Nikaangalia kamera. Picha tano. Dole langu lilikuwa limefanya kazi yake. Uso wa Gundi uko kivulini, lakini umetoka safi, macho yote mawili yako wazi na unaona yanakotazama. Beki yumo kwenye picha zote tano, anakua, anakaribia. Katika macho ya mdogo wangu hayumo.

Kipenga cha mapumziko kilipolia nikaruka ubao wa matangazo. Haturuhusiwi. Mlinzi akanifuata, sikugeuka. Daktari wa timu, mama mmoja mpole asiyependa makelele, alikuwa anamshona beki. Nikamwekea kamera mbele ya uso.

"Mtazame huyu. Anaona vimulimuli. Sasa anaona pazia."

Akatazama picha moja, ya pili. Mikono ikasimama. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Wa tatu!" Akamwachia msaidizi wake uzi, akaondoka karibu anakimbia.

Nilibaki koridoni nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilimsikia daktari: "Funika la kulia. Tazama pua yangu. Vidole vingapi?" Kisha tena: "Nimekuuliza, vidole vingapi?"

Na sauti ya Gundi, ndogo, ambayo sijaisikia tangu utotoni:

"Viko wapi?"

Kocha akauliza lile nililojua atauliza. "Anaweza kumaliza mechi?"

"Akipigwa tena jicho limekwenda. Hata asipopigwa, linaweza kwenda leo, linaweza kwenda kesho. Hospitali, sasa hivi."

Nilingoja kubwata kwake. Hakubwata. Alimwita msaidizi, akamwambia, "Timu yako," akachukua funguo za gari mfukoni. Gundi akatoka amevaa taulo mabegani. Aliponifikia akasimama.

"Umeniuza, dada."

Kocha akamshika mkono wa kushoto, upande ule asioona, akamwongoza mpaka garini kama unavyomwongoza mzee. Njia nzima aliendesha polepole, anakwepa kila shimo, na kila alipokwepa anasema, "Pole, mwanangu." Nilikuwa kiti cha nyuma na kamera mapajani. Mtu niliyemchukia msimu mzima.

Daktari wa macho kasema ngozi ya ndani ya jicho, ile inayopokea mwanga, ilichanika siku ya lile shuti na sasa imebanduka kama karatasi ya ukutani. Katikati bado imeshika. Akitibiwa mapema kuna matumaini. Watampasua kesho asubuhi.

Mama kafika. Nimemweleza yote, pamoja na kiapo. Nilitaka anipige. Aliniuliza tu kama nimekula.

Jumapili, 19 Aprili

Wameirudisha mahali pake. Wameweka hewa maalumu ndani ya jicho iishikilie, na ili hewa hiyo ifanye kazi yake lazima alale kifudifudi usiku na mchana, uso chini, hata akila. Ataona kiasi gani? "Tutajua hewa ikiisha," kasema daktari wa macho. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Akajibu yaleyale.

Jumanne, 21 Aprili

Tumemleta nyumbani. Kalala juu ya meza ndefu ya kulia, godoro juu yake, kichwa kimetokeza ukingoni, paji la uso kwenye mto wenye tundu. Anaongea na mama. Na mimi haongei.

Jumatano, 22 Aprili

Nimempelekea chai na mrija. Kaacha ikapoa.

Alhamisi, 23 Aprili

Kocha kaja. Mtu mzima, tumbo lote lile, akavua viatu akalala chali sakafuni chini ya uso wa Gundi ili waonane. Akamweleza timu ya Jumamosi mtu mmoja mmoja, na kwamba kipa wa akiba ana hofu, je, amwambie nini? Gundi akasema, "Mwambie asisimame kwenye mstari wa kivuli. Asimame upande mmoja, macho yazoee." Kocha akarudia maneno hayo kwa sauti, kama mtoto anayekariri.

Nilikuwa mlangoni. Wakati wa kutoka kocha akaniambia, "Wewe Jumamosi nenda kazini." Alikuwa anabwata, lakini kwa chinichini.

Jumamosi, 25 Aprili

Sikutaka kwenda. Mama kanivalisha begi la kamera begani, akafungua mlango.

Wale wa ng'ambo walikuwepo, wawili, jukwaa kuu mstari wa mbele, miwani myeusi. Walikuwa wameambiwa, lakini tiketi za ndege zilikuwa zimeshakatwa.

Mvua ilipiga kabla ya mechi, kisha jua likachomoza chini ya mawingu, likaja bapa, machoni kabisa. Nikapima nyasi, zikang'aa na kunidanganya; nikapima kiganja, hatua moja ndani ya kivuli, hatua moja nje. Nikakaa nyuma ya goli letu. Mara nne nilibofya nikakosea kwa sababu nilikuwa namtafuta mdogo wangu katika kila mdako. Jezi ilikuwa ya manjano ileile, mgongo haukuwa ule. Nikaona hapana, kama nimekuja, nimekuja.

Kipa wa akiba ni kijana wa watu mkimya, sijawahi hata kusikia sauti yake. Kipindi cha pili, tunaongoza moja, mshambuliaji wao akaachwa peke yake. Anatokea juani. Kipa yuko kivulini, hatua mbili kamili ndani ya kivuli, hausogelei mstari. Anangoja. Dole langu likataka kubofya kumfuata mshambuliaji, nikalizuia. Nikabaki na mwanga wa kivulini, nikamwacha yule wa juani aungue. Shuti likaja, kipa akajitupa chini, akaukumbatia mpira kama mtu anayeokoa mtoto motoni.

Tumeshinda. Baada ya mechi wale wa miwani walimwita kipa pembeni. Niliwapiga picha wakimpa mkono. Ni kazi. Kisha nikaenda nyuma ya jukwaa nikalia mpaka nikamaliza.

Jumapili, 26 Aprili

Nilidhani nitamficha habari hiyo. Asubuhi nilipoingia sebuleni akasema, uso chini, neno la kwanza kwangu tangu siku ile:

"Walimwita?"

"Walimwita."

Mama alikuwa jikoni, akaacha kuosha vyombo, maji yalinyamaza.

"Nionyeshe."

Nikalala chali sakafuni, kichwa chini ya uso wake, nikainua kamera kwa mikono miwili hadi kioo kikamfikia. La kulia lilikuwa wazi, la kushoto limevimba. Alipitisha picha moja moja kwa kidole. "Hapa kachelewa... Hapa sawa... Hii miguu gani sasa, mwambie akunje magoti." Alipofika kwenye ule mdako akatulia. Tone likaniangukia shavuni. Sikujua ni dawa ya macho au ni nini, na sikufuta.

"Kangoja ndani ya kivuli," alisema.

"Ndivyo ulivyomwambia."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Nitakukasirikia muda mrefu."

"Sawa."

Halafu akafumba la kulia. Akafumbua la kushoto, polepole, akashusha uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Nikaishika kamera kwa nguvu isisogee.

"Ni maji matupu," alisema. "Maji yanacheza." Kisha: "Ngoja. Hiki cheupe ni jezi ya beki?"

"Ni jezi."

"Na hapa, kitu cha manjano."

"Ndiye kipa."

Mama kasimama mlangoni, mikono ina povu.

"Na hili jeusi linaloziba chini? Ni kivuli cha paa?"

Nikakigeuza kioo kidogo upande wangu, nikaangalia. Sikuona jeusi lolote kwenye picha. Kisha nikaelewa, nikaanza kucheka huku machozi yananiingia masikioni.

"Ni nywele zangu. Kichwa changu, kimetokeza nyuma ya kamera."

"Basi sogea, dada," alisema. "Unaniharibia mwanga."